Mguu wa Abiria

Mtaani walimwita Fundi, basi, kana kwamba mafundi wengine wote walikuwa wakibahatisha. Miaka thelathini na mitano alikaa nyuma ya cherehani katika chumba cha mbele cha nyumba yake, dirisha likitazama barabara, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kutwa nzima, hata wakati wa kula. Mguu wake wa kulia ulikuwa na akili zake wenyewe. Aliweza kuzungumza na mteja, kumkemea paka na kuhesabu vifungo kwa wakati mmoja, na bado mguu ule ukaisimamisha sindano upana wa uzi kabla haijagusa ukucha.

Lakini ufundi wake wa pili ndio uliomjazia wateja. Mama akija na gauni la mwaka jana lisilopanda tena mabegani, Fundi hakusema umenenepa. Alilishika gauni, akalivuta huku na huku, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema vitambaa vya siku hizi havina maana, vinanywea vikiwa kabatini. Kisha akaachia mishono ya pembeni kwa upana wa vidole viwili. Mteja aliondoka na gauni linalomwenea na heshima yake haijaguswa. Wote walifurahi, na hakuna aliyepungua hata ratili moja.

Mume wake alikuwa mwalimu wa udereva. Wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Klachi kwa sababu neno hilo ndilo alilolipigia kelele kuliko yote. Miaka thelathini alikaa kwenye kiti cha abiria cha gari la shule, breki ya pili chini ya mguu wake, akiwaokoa watu ambao hawakujua kwamba wameokolewa. Alimfundisha karani, akamfundisha mhubiri, akamfundisha meneja wa benki na baadaye mtoto wa meneja, ambaye alikuwa hatari kuliko babake. Mtu mmoja tu hakumfundisha, naye ni mke wake. "Mke na usukani havikai nyumba moja," alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayenukuu wahenga. Wahenga gani hao, hakuna aliyemuuliza.

Alipostaafu, shule ilimzawadia lile gari lake la kufundishia. Hotuba zilikuwa nzuri, ila ukweli ni kwamba hakukuwa na mwanafunzi aliyekuwa tayari kulipanda tena. Lilikuwa dogo, la rangi ya krimu iliyokata tamaa, na bado lilikuwa na klachi na breki upande wa abiria. Makanika wa gereji alitaka kuving'oa. Mwalimu alikataa katakata, akasema kumng'oa jino mzee asiyelalamika ni uonevu.

Basi, mwaka uleule wa kustaafu, Fundi alikuwa akishona bitana ya koti la mumewe. Mfuko wa ndani ulikuwa na tundu, na kupitia tundu lile karatasi ilikuwa imeteleza mpaka chini kwenye pindo. Akaitoa, akainyoosha kwenye paja. Ilikuwa ya kliniki ya macho. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Afike kwa upasuaji. Na chini yake, kwa mwandiko wa daktari ambao kwa mara ya kwanza duniani ulisomeka vizuri: asiendeshe gari. Tarehe ilikuwa ya miezi minne nyuma.

Fundi alikaa na karatasi ile mpaka chai ikapoa. Halafu akaikunja, akairudisha palepale, akaufunga mshono. Unaweza kusema alifanya upumbavu, na yeye mwenyewe baadaye alisema hivyohivyo. Lakini alimjua mume wake. Siku aliyokabidhi funguo za shule, Mwalimu alikaa siku mbili bila kula, akitazama ukuta kama mtu anayesubiri taa ya kijani. Sasa umwambie na gari hili lililobaki alikabidhi? Fundi alitaka mambo mawili ambayo hayakuwa tayari kukaa pamoja: mumewe awe salama, na abaki kuwa Mwalimu Klachi. Ndiyo maana alinyamaza, akangoja yeye mwenyewe aseme. Hakusema.

Badala yake ikaja safari. Binti yao, kwa nia njema kabisa, aliwalipia wazazi wake wiki nzima kwenye nyumba za wageni za kule nyanda za chini, nchi ya jua, na tena kiangazi. "Hamjawahi kupumzika tangu muoane nyinyi kwa nyinyi," alitania. Mtu mwenye mtoto wa jicho, ukitaka kummaliza kabisa, mpeleke kwenye jua kali. Ukungu wote ule machoni unageuka kuwa taa. Binti hakujua hilo. Baba yake alijua, akaenda kuosha gari.

"Twende kwa basi, Mwalimu," Fundi alijaribu. "Tutalala njiani, tutakula karanga."

"Mimi? Nipande basi? Halafu dereva awe mwanafunzi wangu, anione nimekaa siti ya nyuma nimeshika mfuko wa karanga?"

Fundi hakubishana. Alikwenda sokoni akanunua viatu vya raba, vya soli nyembamba. Mumewe aliviona akamcheka, akamwambia hawaendi kukimbia mbio.

Tuta la kwanza lilikuwa kilomita kumi nje ya mji. Fundi aliliona likija, akamtazama mumewe, akaona amekaa wima, mikono yake imeushika usukani jinsi alivyowafundisha watu wote, kidevu juu, uso mtulivu, na hana habari yoyote. Mguu wake wa kulia ukatangulia kabla yeye hajaamua. Ukaibonyeza breki ya abiria polepole, kama anavyokaribia kona ya kola. Gari likapunguza mwendo, likapanda tuta, likashuka kwa adabu.

"Umeona?" alisema Mwalimu. "Tuta limejificha vibaya sana lile. Dereva mchanga angeruka nalo. Mimi nimelisikia mguuni."

"Nimeona, Mwalimu."

Siku ya kwanza aliokoa matuta tisa, kundi moja la mbuzi na baiskeli iliyobeba magodoro. Siku ya pili hakuhesabu tena. Mwalimu alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu kustaafu. Alitoa mhadhara juu ya kioo cha pembeni. Aliwalaumu madereva wote waliowapita. Alilipigia saluti bango la sabuni akidhani ni askari, na mkewe, ili asimwache peke yake, akalipungia mkono.

"Tazama ziwa lile, mke wangu!" alisema mchana mmoja, akionyesha kwa kidevu. "Maji yametulia!"

Fundi akatazama. Yalikuwa mabati ya maghala, safu baada ya safu, yanang'aa juani.

"Ni zuri sana," alisema.

"Kuna boti?"

"Mbili tatu hivi."

"Nilidhani nne," alisema Mwalimu, akaridhika.

Ubaya wa wema wa namna hii ni kwamba unazaa. Kadiri mguu wa Fundi ulivyokuwa mwepesi kwenye breki, ndivyo wa mumewe ulivyokuwa mzito kwenye mafuta. Siku ya kwanza walikwenda mwendo wa msafara wa mazishi. Siku ya tatu madirisha yalikuwa yakitetemeka. Siku ya nne akatoka kulipita lori lililobeba nyasi, na upande wa pili, katikati ya mng'ao wa lami, basi lilikuwa linakuja. Fundi alikanyaga kwa nguvu zote alizozaliwa nazo. Gari likarudi nyuma ya lori, likayumba, likatulia. Basi likapita likipiga honi ya kutukana wazazi.

"Nimebadili mawazo," alisema Mwalimu. "Dereva mzuri ni yule anayejua kubadili mawazo."

Kituo kilichofuata Fundi aliingia msalani akajifungia. Aliogopa kufa, na alimchukia mumewe, na alijichukia yeye zaidi. Na chini kabisa, mahali ambapo hakupenda kutazama, kulikuwa na kitu kingine: alikuwa na kiburi kidogo. Miaka yote ile aliyokatazwa usukani, sasa alikuwa anaendesha nusu ya gari, tena nusu iliyo muhimu. Alinawa uso, akatoka, akanunua soda mbili, akazinywa zote mwenyewe.

Asubuhi ya siku ya sita walikuwa wakinywa chai kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni. Mwalimu alikuwa amevaa miwani ya jua na alikuwa akipaka siagi upande wa mkate ambao tayari ulikuwa na siagi. Simu ikaita. Ilikuwa binti yao, akiuliza hali.

"Hali? Hali ni kama tumezaliwa jana!" alisema Mwalimu. "Sikiliza, mwanangu. Nimewaza jambo. Shule zikifunguliwa, achana na lile gari la shule la kubanana. Wajukuu zangu nitawapeleka mimi mwenyewe. Kila asubuhi, na jioni nawarudisha. Nina gari, nina nafasi, nina uzoefu."

Kwenye simu binti alishukuru kwa sauti iliyosikika mpaka meza ya pili. Wajukuu walikuwa pacha wa miaka saba. Wangekaa nyuma, na kiti cha abiria kingekuwa kitupu, kwa sababu saa hizo Fundi yuko kwenye cherehani.

Mwalimu alikata simu, akaiweka mezani, akainua uso kuelekea upande aliko mkewe. Alikaa hivyo kwa muda, hanywi wala hali.

"Mwalimu," alisema Fundi. "Na macho?"

"Macho yamefanyaje?"

Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Alimtazama, lile shati alilolipiga pasi mwenyewe, zile ndevu alizonyoa akaacha mstari mmoja chini ya taya bila kujua.

"Nasema, jua la asubuhi ni kali kwa macho," alisema Fundi.

"Aa," alisema Mwalimu, akaendelea na mkate.

Waliondoka saa nne kwenda kuona mashamba ya chumvi, ambayo ndiyo fahari ya nchi ile. Barabara ilikuwa imeinuliwa katikati ya mabwawa, imenyooka, haina mti. Huku na huku maji yalikuwa yamekaushwa na jua yakabaki meupe, na kando ya barabara wafanyakazi walikuwa wamerundika chumvi marundo marefu yanayosubiri malori. Kila kitu kilikuwa cheupe. Fundi mwenyewe, mwenye macho ya kutunga sindano, ilibidi ajikinge kwa kiganja. Mwalimu aliimba.

Fundi hakuwa anasikiliza wimbo. Alikuwa anawaona pacha, mikoba yao mgongoni, wamekaa nyuma ya mtu huyu anayeimba. Na alijua vizuri nani amemfanya mtu huyu aimbe. Tuta, mbuzi, baiskeli, basi. Kila mara aliposhika breki alimshonea mumewe jozi mpya ya macho yasiyokuwepo, na mumewe akayavaa akaona yanamwenea. Kama angemwambia leo haoni, angejibu kwa haki kabisa: mbona nimefika?

Mbele, yapata mita mia mbili, rundo moja lilikuwa limeporomoka likaziba nusu ya barabara. Hakukuwa na mtu karibu. Wafanyakazi walikuwa mbali, wadogo, wameinama. Fundi aliangalia mara mbili, kisha ya tatu, kama anavyoangalia kitambaa cha mtu kabla ya mkasi. Akabonyeza breki taratibu mpaka gari likawa linakwenda mwendo wa baiskeli ya mzee. Halafu akauinua mguu wake wa kulia. Akauvuta, akaukunja chini yake kwenye kiti, akaukalia ili usimsaliti.

Mwalimu aliendelea kuimba moja kwa moja mpaka ndani ya chumvi.

Haukuwa mlio mkubwa. Boneti lilizama kwa mguno, gari likajikongoja, injini ikazima, na chumvi ikateremka juu ya kioo cha mbele mpaka kikafunikwa chote. Sasa ndani ya gari lile hakuna aliyekuwa anaona mbele. Fundi alijipapasa, akampapasa mumewe kifua na magoti. Walikuwa wazima. Alingoja aseme chumvi imejificha vibaya.

Mwalimu aliondoa mikono kwenye usukani, akaiweka mapajani.

"Kwa nini leo umetoa mguu?" aliuliza.

Fundi aliushusha mguu aliokuwa ameukalia.

"Miaka thelathini nimekikalia kiti hicho," alisema Mwalimu, bila ukali, na hiyo ndiyo iliyotisha. "Miaka thelathini nimeikanyaga breki hiyo. Wewe unadhani sijui gari likishikwa kutoka upande huo? Nimejua tangu tuta la kwanza. Nikasema, kumbe mke wangu ana mguu! Hakuna mwalimu pale shuleni aliyekuwa na mguu kama huo. Nikasema sawa, tunaendesha wote. Nikajua upo."

"Ulijua! Na basi lile? Ungetuua, mwanamume wewe!"

"Lile sikuliona."

"Hakuna ulichoona!" Fundi sasa alikuwa anapiga kelele na machozi yakimtoka. "Na watoto? Unamwambia mwanao utawapeleka watoto shule, mimi nitakuwa wapi? Nitakanyaga breki kutoka kwenye cherehani?"

"Nilisema vile ili unikataze." Mwalimu alivua miwani ya jua akaikunja, akaikunjua. "Nimekaa pale mezani nakungoja. Nikasema, hili hawezi kulinyamazia, hili lazima atasema. Mimi mwenyewe kinywa hakifunguki. Nimejaribu kwenye kioo, asubuhi, nikinyoa. Hakifunguki. Nikakungoja wewe, ukaniletea habari za jua."

Hasira ya Fundi ilikuwa bado ipo, lakini haikujua tena iende kwa nani. Watu wawili wazima, miaka yote ile kitanda kimoja, kila mmoja alikuwa amemhifadhi mwenzake kwa uangalifu mkubwa mpaka karibu wauane.

Mtu akagonga dirisha. Alikuwa msimamizi wa chumvi, mwanamke kijana mwenye buti za mpira, kofia pana na koleo begani, na nyuma yake wafanyakazi wawili walikuwa wanakuja mbio. Wakawafungulia milango, wakawashika mikono kuwatoa. Wazee wale wawili wakasimama barabarani, kila mmoja upande wake wa gari, weupe kwa chumvi, nywele mpaka kope.

"Poleni sana, wazee wangu. Mmeumia?" aliuliza msimamizi. "Hamjaumia? Tushukuru. Sasa, nani alikuwa anaendesha?"

Aliuliza kwa upole tu, kwa kuwa lazima aandike. Fundi alizunguka gari, akamkimbilia msimamizi kabla mumewe hajajibu.

"Mimi," alisema. "Mimi nilikuwa naendesha, mwanangu. Makosa ni yangu."

Ulimi wake ulikuwa na tabia ileile ya mguu. Msimamizi akautazama usukani, akautazama mlango aliotokea mama huyu, akakunja uso.

"Usimsikilize huyo," alisema Mwalimu. "Hajui hata kuwasha. Nilikuwa naendesha mimi." Akavuta pumzi. "Na sioni."

"Hukuliona rundo, mzee?"

"Rundo sikuliona. Barabara siioni. Hata wewe unayesema nami sikuoni, nasikia sauti tu. Kliniki wameniambia nisiendeshe, mimi nikaendesha. Andika hivyo."

Alisema kwa ile sauti aliyopigia kelele klachi miaka thelathini, na wafanyakazi wale wawili wakajikuta wamesimama wima. Fundi alikuwa ameingoja sentensi hiyo kwa miezi. Alidhani ataisikia chumbani, kwa kunong'ona, wakiwa wawili. Sasa ilikuwa imetolewa mbele ya watu asiowajua, jua la saa tano likiwaka, naye akaona fahari na huruma kwa pamoja.

Mwalimu akainama ndani ya gari, akapapasa, akachomoa ufunguo. Akageuka akaunyoosha kumpa mkewe. Lakini Fundi alikuwa amekwisha kuzunguka gari alipokuwa akimkimbilia msimamizi, na mkono ule uliunyoosha ufunguo kwenye hewa tupu, hatua mbili kutoka aliposimama.

Fundi akainua mguu amfuate, afike kimyakimya mahali ulipo mkono, aupokee kana kwamba alikuwa hapo siku zote. Akaurudisha mguu chini.

"Hapo sipo, Mwalimu," alisema. "Niko huku. Geuka kushoto kwako."

Mwalimu akageuka.